Tofali la Akiba

Kiwanda cha chai cha Sasurwet hakitasimama tena kwa kukosa kipuri. Hivyo ndivyo ilivyotangazwa Machi mwaka wa 1994, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwenye kadibodi ngumu iliyofunikwa kwa plastiki na kutundikwa kwenye ubao wa matangazo, kati ya ratiba ya shifti na onyo la kutotema mate. Kila kipuri muhimu kitokacho ng'ambo kitakuwa na akiba yake. Akiba hiyo itakaa mahali pamoja, ndani ya kasha moja, chini ya mamlaka ya mtu mmoja. Kasha litatiwa kufuli na kupigwa sili ya risasi, kama ile ya mita ya stima. Akiba ikikosekana, mtu huyo mmoja atawajibika kwa kupoteza kazi yake. Aliyetia sahihi ni Kebaso, Meneja wa Kiwanda.

Bwana Kebaso alikuwa ametoka kozi Uingereza, ambako alifundishwa kwamba hatari ni kitu kinachoweza kusimamiwa, kama vibarua. Alirudi na koti la mvua, ambalo huku Kericho lina kazi yake, na mchoro wa visanduku na mishale, ambao aliubandika nyuma ya kiti chake. Mchoro ulionyesha safari ya kadi ya draya, mashine ya kukaushia chai, kutoka kwa watengenezaji wake mjini Kobe, Japani, hadi Mombasa, hadi Nairobi, hadi Sasurwet. Mishale yote ilikuwa imenyooka. Hapakuwa na mshale uliopita barabara ya Mau Summit wakati wa masika.

Kadi yenyewe ilikuwa kibati cha kijani, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, chenye vidude vidogo vilivyopangwa kama mji unaoonekana kutoka kwenye ndege. Ilikaa ndani ya kabati la chuma kando ya draya mpya, ikipima joto na kuamua ni hewa kiasi gani ipite kwenye majani. Bila kadi hiyo, draya ilikuwa sanduku kubwa la kuunguzia chai ya wakulima. Draya ya zamani iliongozwa kwa gurudumu la mkono. Magurudumu hayo yaliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu mara tu draya mpya ilipowashwa, ili mtu yeyote asipate kishawishi cha kurudi nyuma.

Kadi za akiba zilikuja mbili. Yule mtu mmoja alikuwa Rodah Chepkosgei.

Rodah alikuwa mwekaji wa stoo, mjane, mama wa Weldon, na kwa maoni ya karibu kila mtu aliyewahi kumwomba skrubu, mwanamke mbaya. Alikaa nyumba ya kampuni nyuma ya kiwanda. Kwao Siongiroi hakukuwa na pa kurudi: shemeji zake walikwisha kulima shamba la marehemu mume wake hadi kwenye kizingiti cha mlango. Alikuwa ameanza nyumba yake ndogo kule Chepseon, ikafika madirishani ikasimama. Akistaafu vizuri, kiinua mgongo kingeimaliza. Akifukuzwa, angepata barua. Kwa hiyo alilisoma tangazo la meneja kwa makini kuliko wote, hasa ile sehemu ya kuwajibika kwa kazi.

Adui yake mkuu alikuwa Eliakim Obiero, fundi wa stima, mtu wa ziwani, mrefu, mwenye diploma na tabia ya kuitaja. Uadui wao ulianza kwa balbu. Obiero aliomba balbu mpya, Rodah akamwambia alete ile iliyoungua, Obiero akaileta, Rodah akaigeuza mkononi na kusema hiyo si ya kampuni, hiyo imetoka nyumbani kwake. Huenda Rodah alisema kweli. Tangu siku hiyo Obiero hakuingia stoo tena, alisemea dirishani tu, na tangu siku hiyo dirisha lilikuwa likifungwa mapema.

Basi huyu ndiye mwanamke aliyekabidhiwa kadi mbili, kasha, kufuli, na koleo la kupigia sili, maana tangazo lilisema mamlaka yote yawe kwa mtu mmoja, na koleo ni sehemu ya mamlaka.

Rodah alilitazama kasha lile kwa wiki nzima na halikumpendeza.

Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi, na karibu wote hawakukaa kwake. Mmoja alikuwa kwa rafiki yake Chepseon, wawili Longisa, wengine alikowajua mwenyewe. Wakipsigis wanaita jambo hilo kimanagan: unampa rafiki ng'ombe wako amtunze, yeye anakunywa maziwa, wewe unabaki na ng'ombe na ndama, na hakuna anayeuliza mbele za watu ng'ombe huyu ni wa nani. Mwaka ule ugonjwa wa kupe ulipopita Siongiroi, majirani walibaki na fimbo za kuchungia. Baba yake Rodah alibaki na ng'ombe. Wataalamu wa ugavi nchi za nje wana jina refu la mpango wa namna hiyo, na hulifundisha kwa ada.

"Mbili ndani ya boma moja ni moja," Rodah alikuwa akisema, na hakuwa akizungumzia ng'ombe tu.

Kwa hiyo kadi ya kwanza aliipeleka kwa Johana Kipyegon, mwekaji wa stoo wa kiwanda kimoja upande wa Chepseon, rika la marehemu mume wake. Ya pili aliipeleka kwa Syprose, mwekaji wa stoo wa kiwanda kingine upande wa Longisa, mwanamke wa ziwani aliyewahi kukaa naye dawati moja kwenye semina. Viwanda vyote viwili vilikuwa na draya za aina ile ile. Rodah hakumweleza hata mmoja wao masharti, kwa sababu mtu aliyelelewa vizuri anayajua.

Ndani ya kasha alitia tofali lililofungwa kwa gazeti, kwa kuwa wakaguzi hupenda kunyanyua vitu. Akatia kufuli, akapiga sili. Kila mwisho wa mwezi Bwana Kebaso alikuja, akainua kasha, akatazama sili, akauliza, "Iko sawa?"

"Iko, bwana."

Akatia sahihi.

Novemba ile, Obiero alikuja dirishani.

"Mama, kadi ya draya ni mgonjwa. Ikishika joto inasahau kazi. Nipe moja ya akiba."

"Kadi haisahau. Ni wewe umesahau kuipangusa."

"Nimeipangusa."

"Na kitambaa gani? Hicho cha samaki?"

"Wacha hiyo maneno. Hii draya itasimama."

"Ikisimama ni wewe umeisimamisha. Ile ya zamani ilikaa hapa tangu Mzungu, haikuuliza mtu diploma."

"Basi niandikie kwamba umekataa."

"Andika wewe. Si ndio mmesoma?"

Dirisha likafungwa. Obiero alidhani ni chuki. Ilikuwa chuki pia, lakini hata kama Rodah angempenda kama mwanawe wa kuzaa, alichokuwa nacho cha kumpa ni tofali.

Angeweza kwenda kwa meneja. Lakini Bwana Kebaso alikuwa amerudi na mafundisho kwamba anayeleta tatizo bila suluhisho ni sehemu ya tatizo, na sehemu mbili za tatizo, mpishi wa kantini na karani wa mizani, zilikuwa tayari zimeondolewa. Obiero akanyamaza. Jumapili alikwenda Longisa kwenye mkutano wa chama cha mazishi cha watu wa ziwani wanaofanya kazi majani chai, na huko, baada ya maombi, akamtukana Rodah kwa kirefu mbele ya yeyote aliyekaa karibu. Aliyekaa karibu alikuwa Syprose.

"Lakini kadi yenu moja si iko kwangu?" Syprose akasema.

Obiero akaomba arudie.

Jumatatu, draya ilipozimwa ili isafishwe, alitoa kadi mgonjwa na kuweka ile aliyopewa Longisa. Draya ikapona. Hakumwambia mtu. Kadi mgonjwa aliifunga ndani ya soksi na kuiweka chini kabisa ya sanduku lake la vyombo, na jambo alilolijua aliliweka mahali pengine: kwamba Rodah anaficha mali ya kiwanda Longisa, bila shaka auze. Hakulitumia. Alilihifadhi kama mtu anayehifadhi panga, akingoja siku yake.

Januari 1995 ardhi ilitetemeka kule Kobe. Watu wa Sasurwet walisikia redioni, wakasikitika kama wanavyosikitikia mambo ya mbali, wakaendelea kuchuma. Baada ya siku kadhaa ilikuja faksi: waliotengeneza kadi walikuwa wameangukiwa na jengo, bandari imeharibika, hakuna kadi itakayotumwa mpaka watakapojulisha. Bwana Kebaso aliwakusanya wafanyakazi uwanjani na kuwasomea faksi yote, taratibu, kama mtu asomaye barua inayomsifu yeye.

"Viwanda vingine leo vinatetemeka," akasema. "Sisi tuna akiba."

Wakapiga makofi. Rodah alipiga makofi. Obiero alipiga makofi akimtazama Rodah. Kisha meneja akarudi ofisini akafuta mshale wa kwanza kwenye mchoro kwa rabba.

Mvua ya mawe ilikuja Aprili, alasiri, kama kawaida yake, lakini siku hiyo ilikuja na hasira. Ilichana majani mashambani, ikatoboa mabati ya stoo upande wa nyuma, na radi ikapiga waya wa stima ulioingia kiwandani. Ndani ya kabati la draya kulisikika mlio mdogo, kama wa mtu aliyevunja njugu, na harufu mbaya ikatoka. Draya ikazimika. Vitanda vya kunyausha vilikuwa vimejaa majani, na malori ya wakulima yalikuwa bado yanapanda kilima.

Bwana Kebaso alifika stoo na koti lake la mvua, na nyuma yake Obiero, ambaye kwa mara ya kwanza tangu enzi za balbu alipita mlangoni.

"Fungua," akasema meneja.

Kasha lilikuwa limekaa chini ya tundu la mabati, ndani ya dimbwi. Rodah alikata sili. Mkono wake ulikuwa umetulia, jambo ambalo baadaye lilihesabiwa dhidi yake. Maji yalitoka kwanza. Halafu gazeti lililolowa. Halafu tofali, nalo limelowa, bila madhara yoyote.

Meneja akalitazama.

"Hii ni nini?"

"Tofali, bwana."

"Naona ni tofali."

"Ulikuwa umeuliza, bwana."

Obiero akacheka kupitia pua. Meneja akamgeukia, Obiero akawa ghafla anachunguza paa.

"Kadi ziko wapi, Bi. Rodah?"

"Zimelishwa nje. Moja Chepseon, moja Longisa. Ni nzima. Zingekuwa hapa ungezikamua maji."

Kozi ya Bwana Kebaso haikuwa na kisanduku cha jambo hili. Akafunga vifungo vya koti.

"Chukua pikap. Kesho jioni niwe na kadi mkononi, ama wewe uwe na barua mkononi. Na ukileta barua kwangu ya kuomba msamaha, nitaitumia kufungia hilo tofali."

Siku ya pili asubuhi Rodah alifika Chepseon. Johana Kipyegon alimpokea vizuri mno, na huo haukuwa mwanzo mwema.

"Karibu, Mama Weldon. Chai kwanza."

"Sikuja kunywa chai."

"Hakuna mtu anakuja kwa Johana akakosa chai."

Akanywa. Akaulizwa habari za Weldon, za mvua ya mawe, za nyumba yake isiyoisha. Akajibu zote. Halafu akasema, "Nimekuja juu ya ng'ombe yangu."

"Ako mzima kabisa."

"Nimemfuata."

Johana akaweka kikombe chini. "Anakamwa, Mama Weldon."

Kadi yake mwenyewe Johana ilikuwa imekufa wakati wa Krismasi, na akiba yake ilikuja ikiwa imevunjika kutoka huko huko ilikotoka. Alikuwa ameweka ya Rodah kwenye draya, kwa haki kamili, kwa sababu maziwa ni ya mtunzaji. Tangu hapo wakulima wote wa upande ule walikuwa wakikaushiwa majani na ng'ombe wa Rodah.

"Mtoe," akasema Rodah.

"Wewe unajua sheria kuliko mimi. Ng'ombe akiwa na maziwa hatolewi kwa boma iko na watoto."

"Watoto gani, Johana? Hii ni kiwanda!"

"Na wakulima wangu ni nini?"

"Mimi nafukuzwa kazi leo jioni!"

"Pole sana. Akikauka nitamleta mwenyewe, kwa mguu."

"Nitasema kwa wazee."

"Sema. Uwaambie pia ni mali ya kampuni ulikuwa unagawa kwa kimanagan." Akamwongezea chai. "Watafurahi kusikia."

Rodah aliondoka bila kumaliza kikombe, tusi kubwa kuliko yote aliyoyasema njiani, ingawa dereva wa pikap alisema baadaye kwamba yale ya njiani nayo hayakuwa madogo.

Longisa, Syprose hakumpa chai. Alikuwa anapokea mifuko ya plastiki na hakuacha kuhesabu.

"Kadi? Si nilimpa Obiero wenu?"

"Obiero gani?"

"Kwani mko nao wangapi? Yule mrefu wa stima. Tangu mwaka jana. Alisema ni ya Sasurwet. Si ni ya Sasurwet?"

Rodah akakaa juu ya mifuko. "Nani alikuambia ng'ombe ya mtu unapea mtu mwingine?"

"Ng'ombe gani sasa? Rodah, wewe uliniachia kadi."

"Nilikuachia wewe!"

"Na ukaniambia nini? Uliniambia 'niwekee hapa.' Nikaweka. Mwenyewe akakuja, akachukua. Toka kwa hiyo mifuko, unanipotezea hesabu."

Hivi ndivyo mpango wa Rodah ulivyokufa: mguu mmoja ulivunjwa na mtu aliyeijua desturi yake kupita kiasi, na mwingine na mtu ambaye hakuwahi kuisikia. Lakini Rodah hakufikiria hivyo njiani kurudi. Alifikiria Obiero tu.

Alimkuta kwenye kabati la draya, na meneja amesimama kando yake. Pale nje majani yaliyooza yalikuwa yanapakiwa yakatupwe bondeni. Harufu yake ilikuwa ya tumbaku iliyolala kwenye maji.

"Mwizi!" akasema Rodah kabla ya salamu.

"Niliiba nini, Mama? Nimeweka kadi ya Sasurwet kwa draya ya Sasurwet. Ni wewe uliipeleka Longisa. Ulikuwa unauza bei gani?"

"Mimi niuze? Mimi?"

"Kumbe uliipeleka ikatembee?"

"Kama ungeniambia uliichukua—"

"Kama ungenipa nilipoomba!"

"Ningekupa nini, tofali?"

"Kwa hiyo ilikuwa tofali hata siku hiyo!" Obiero akamgeukia meneja, uso umewaka kwa furaha ya mtu aliyengoja muda mrefu. "Bwana, umesikia? Tangu Novemba!"

"Tangu Machi," akasema Rodah. "Usinipunguzie."

Bwana Kebaso aliinua mkono. Alizungumza polepole, akipanga maneno kwenye visanduku.

"Kadi iliyoungua jana ni ile ya Longisa," akamwambia Obiero.

"Ndiyo."

"Yaani ilikuwa akiba."

"Ndiyo."

"Akiba nyingine iko Chepseon, inakausha chai ya watu wengine."

"Inakamwa," akasema Rodah.

"Na mimi nimetia sahihi kila mwezi kwamba zote mbili nimeziona."

Hapo hakuna aliyesema ndiyo. Hata Obiero, ambaye panga lake lilikuwa limetoka alani kwa mara ya kwanza, alianza kuona kwamba lilikuwa na makali pande zote. Kumfukuza Rodah kungehitaji sababu. Sababu ingesomwa makao makuu. Makao makuu yangeuliza nani alibadilisha kadi bila ruhusa, na nani alikuwa akinyanyua tofali kila mwezi na kuliita akiba. Watatu wale walikuwa wamefungwa kamba moja, na hakuna hata mmoja aliyempenda mwenzake kiasi cha kumfungua.

"Kuna ile mgonjwa," akasema Obiero mwishowe, kama mtu anayekohoa. Akafungua sanduku lake, akatoa soksi, ndani ya soksi akatoa kadi. "Inafanya. Ikishika joto tu ndiyo inasahau. Ikipata upepo haitasahau."

Sasa Kericho si mahali mtu hununua feni. Kiwanda kilikuwa na mafeni ya kunyausha majani, kila moja ukubwa wa mlango wa kanisa, na hapakuwa na hata moja la kutosha kupepea kitabu cha nyimbo. Kuagiza ndogo kulihitaji ombi, na ombi lilihitaji kusema ni ya nini. Bwana Kebaso alifikiria jambo hilo kwa muda mfupi sana.

"Aliyeficha kadi atapepea kadi," akasema. "Na aliyeificha ya pili atakaa naye, aangalie isiungue. Mpaka Kobe wajenge. Mmoja akiondoka bila mwenzake, nawafukuza wote wawili, na sababu nitatafuta nyingine. Siwezi kukosa."

Akaenda zake. Katika taarifa ya mwezi ule siku iliyopotea iliandikwa usafi wa dharura, na hilo, ukitazama majani yaliyotupwa bondeni, lina ukweli ndani yake.

Rodah alitafuta kitu kigumu cha kupepea. Kilichokuwa karibu kilikuwa ubaoni, kadibodi imara, imefunikwa plastiki, haiwezi kulowa. Akaitundua. Kwa miezi iliyofuata tangazo la Bwana Kebaso lilifanya kazi kuliko tangazo lolote lililowahi kutolewa wilayani.

Walikaa kwenye viti viwili mbele ya kabati lililo wazi. Zamu ya pili walipewa vibarua wawili, walioambiwa kwamba ni kozi. Wafanyakazi waliokuwa wakipita walikuta jambo la kusimulia nyumbani.

"Pepea kutoka chini, Mama. Joto linapanda."

"Nilikuwa napepea moto kabla baba yako ajue kiberiti."

"Hii si moto. Ukiipepea hivyo itapata homa."

"Ikipata homa utaifunga kwa soksi yako. Hiyo harufu peke yake itaiamsha."

"Angalau mimi niliweka kadi kwa soksi. Wewe uliweka tofali kwa sanduku ukaipigia sili kama dhahabu."

"Na ulikuwa unaogopa hilo tofali. Ulikuwa unaniita Mama."

"Bado nakuita Mama."

"Sasa unaniita na mdomo tu."

Hawakupatana. Hilo lisemwe wazi, maana msikilizaji wa hadithi kama hii hutegemea kwamba watu wakikalishwa pamoja watapatana. Obiero aliendelea kuamini kwamba mwanamke yule alikuwa na roho mbaya, na kila siku alipewa ushahidi mpya. Rodah aliendelea kuamini kwamba mtu akiitwa fundi ni kwa sababu hakuna neno lingine la heshima. Ila kiti ni kigumu na siku ni ndefu, na siku moja Obiero, kwa kukosa tusi jipya, aliuliza swali.

"Hiyo kimanagan yenu. Mtu anapeleka ng'ombe kwa watu, anakosa maziwa, halafu akiwa na shida hawezi kuitisha. Na hiyo ndiyo akili?"

"Ndiyo maana tuko na ng'ombe mpaka leo. Nyinyi mnaweka samaki wapi?"

"Kwa tumbo."

"Basi nyamaza."

Rodah akapepea. Baada ya muda Obiero akasema, bila kumtazama, "Hiyo ya Chepseon. Radi haikuipata?"

"Itapitia wapi? Iko Chepseon."

"Na maji ya stoo?"

"Obiero, unauliza kama mtoto. Ni ile peke yake tuko nayo nzima katika dunia hii."

Obiero akatazama kadi mgonjwa, ambayo ilikuwa inaanza kusahau. "Pepea," akasema.

Kadi mpya zilifika Julai, zikiwa na barua ya heshima kutoka Kobe iliyoomba radhi kwa usumbufu wa tetemeko. Moja iliingia kwenye draya, mbili zikawekwa ndani ya kasha mbele ya macho ya meneja, ambaye safari hii alishika kila moja, akaigeuza, na karibu ainuse. Tofali likatolewa. Rodah alikataa litupwe. Alilitumia kuzuia mlango wa stoo usijifunge kwa upepo, na kila aliyepita alilijua na kulisalimia. Tangazo lilirudishwa ubaoni, pembe moja imekunjika. Mwezi wa nane Johana Kipyegon alifika kwa mguu kutoka barabarani, kadi ikiwa imefungwa kwa shuka safi, na pamoja nayo kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha, kama inavyopasa kwa ng'ombe aliyetunzwa. Rodah alipokea kibuyu na hakumkaribisha chai.

Mwisho wa mwaka makao makuu yalikipa Sasurwet cheti, kiwanda pekee cha ukanda ambacho hakikusimama kwa kukosa kipuri. Bwana Kebaso alipandishwa cheo akapelekwa Nairobi pamoja na mchoro wake.

Rodah alistaafu mwaka wa 1997, bila doa kwenye faili. Nyumba ya Chepseon iliisha, na wanasema ina mlango mzuri, ambao haufunguliwi ovyo. Kwenye karamu ya kumuaga Obiero hakutoa hotuba. Alikula nyama, akanawa, akaondoka.

Ulikuwa wakati wa kupunguza wafanyakazi, na meneja mpya aliona kwamba mtu mmoja anaweza kufanya kazi mbili. Stoo ikapewa fundi wa stima. Rodah alimkabidhi Obiero kasha, kufuli na koleo la sili mbele ya mashahidi, akahesabu kadi tatu kwa sauti, akaondoka bila kumpa mkono.

Wiki ya pili, wafanyakazi walianza kulalamika kwamba mlango wa stoo unajifunga wenyewe kwa upepo. Obiero, aliyekuwa amerudi tu kutoka Chepseon na Longisa, aliwaambia wazoee. Kasha la akiba lilikuwa mahali pake, lina sili mpya, na mkaguzi aliyekuja mwisho wa mwezi aliliinua, akaona uzito wake unatosha, akatia sahihi.